Siku za Baada ya Kisu

Katika vita vya mwaka 1792, Waingereza walipokuwa wakipigana na Tipu Sultan kusini mwa Bara Hindi, alikuwako mwendesha maksai mmoja, jina lake Cowasjee, aliyelihudumia jeshi la Waingereza. Alitekwa na watu wa Sultani, akakatwa pua na mkono mmoja. Alikaa kiasi cha mwaka mzima bila ya pua. Hata baadaye, karibu na mji wa Poona, mtu mmoja wa jamii ya wafyatuaji wa matofali, ambaye kazi hiyo ilikuwa urithi wa wazee wake, akamtengenezea pua mpya kwa ngozi ya paji la uso wake mwenyewe. Waganga wawili wa Kiingereza waliishuhudia kazi ile, na habari zake zilichapishwa London mwezi wa Oktoba 1794 katika gazeti la Gentleman's Magazine, pamoja na picha ya mtu huyo.

Wengi wanaoisimulia habari hii huishia hapo: pua ilikatwa, pua ikatengenezwa. Walakini barua iliyochapishwa haikuishia hapo, na yaliyo bora ndani yake ni yale yanayohusu siku zilizofuata. Ngozi iliyokwisha kupachikwa ilifunikwa kwa vitambaa vitano au sita vilivyopakwa katu, ile ile ambayo watu wa pwani huitafuna pamoja na tambuu na popoo. Na kwa siku nne hapakuwekwa dawa nyingine yoyote. Kisha vitambaa vile viliondolewa, vikawekwa vingine vilivyochovywa katika samli. Mgonjwa alilazwa chali siku tano au sita. Siku ya kumi alitiwa vitambaa laini katika matundu ya pua ili yasizibe. Na ule ukanda mwembamba wa ngozi ulioiunganisha pua mpya na paji la uso haukukatwa mpaka kiasi cha siku ya 25.

Kwa nini siku 25? Ngozi iliyobanduliwa mahali pake ni kama tunda changa: ikikatwa kikonyo, hufa. Damu yake yapita katika ukanda ule mwembamba, na hapana njia nyingine mpaka mishipa mipya iote kutoka chini na kuishika. Kazi hiyo ya kuota haifanywi na mpasuaji. Yeye aweza kuiharibu kwa haraka yake, lakini hawezi kuihimiza. Mfyatuaji matofali yule wa Poona hakuwa amesoma chuo chochote cha utabibu, na hakuna Mzungu wa wakati wake aliyejua zaidi yake juu ya jambo hili. Historia ya upasuaji wa sura huandikwa aghalabu kwa majina ya wenye visu. Ikisomwa kwa upande wa yule aliyelala kitandani, huonekana kuwa ni historia ya kungoja, na ya watu waliojifunza, mara nyingi kwa hasara kubwa, namna ya kungoja.

Elimu hiyo ilikuwa ya kale kabisa huko Bara Hindi. Katika kitabu cha utabibu kinachojulikana kwa jina la Sushruta yameandikwa maelezo ya kutengeneza pua kwa ngozi ya shavu, kwa kuwa kukatwa pua kulikuwa adhabu iliyojulikana sana. Mwandishi anaagiza kipimo cha pua kichukuliwe kwanza kwa jani la mti. Kisha anageukia uuguzi: vijiti vyenye uwazi vya mbarika vitiwe katika matundu ya pua ili mgonjwa apate kupumua, jeraha linyunyiziwe unga wa dawa, ukiwamo wa susu, lifunikwe kwa pamba, na pamba hiyo itiwe uto wa ufuta mara kwa mara, mgonjwa anyweshwe samli. Uto ulizuia pamba isigandame na jeraha, na vijiti vilizuia pua isijifunge wakati wa kupona. Mpasuaji wa leo hutumia vitu vingine, lakini huogopa hatari zile zile mbili.

Ulaya ilikuja kwa njia nyingine, tena ngumu zaidi. Katika mwaka wa 1597, Gaspare Tagliacozzi, mwalimu wa chuo kikuu cha Bologna, alichapisha kitabu kikubwa chenye picha, akaeleza jinsi ya kujenga pua kwa ngozi ya mkono. Ngozi ya mkono wa juu iliinuliwa bila ya kukatwa kabisa, ikashonwa puani, na mkono ukafungwa kichwani kwa koti na kanda maalumu usiweze kusogea hata kidogo. Mgonjwa alikaa hivyo majuma mawili au matatu, kiganja kikiwa juu ya kichwa, hali amelala, hali anakula, hali anakwenda haja. Ndipo ngozi ilipokatwa mkononi, na kazi ya kuichonga ikaanza. Nayo iliendelea miezi kadhaa. Picha za kitabu hicho zimechapishwa mara nyingi, na watu huzistaajabia kama vituko. Hapana budi kukumbuka kwamba waliokubali kufungwa hivyo hawakuwa na dawa ya usingizi, na ya kwamba wengi wao walipoteza pua kwa upanga au kwa ugonjwa wa aibu, wakawa hawawezi kutoka nje bila ya kuhukumiwa na kila macho. Tagliacozzi alifariki mwaka wa 1599, na baada yake ufundi huo ukafifia Ulaya karibu miaka 200, mpaka barua ya Poona ilipoamsha watu. Mwaka wa 1814 Joseph Carpue, mpasuaji wa London, aliifuata njia ya Kihindi kwa ofisa mmoja wa jeshi ambaye pua yake iliharibiwa na matibabu ya zebaki. Kukata kulichukua kiasi cha dakika 15. Kufungua vitambaa kulingojewa siku tatu, na yasimuliwa kwamba rafiki wa mgonjwa aliyekuwapo alipiga ukelele wa mshangao kuona kwamba pua iko kweli.

Jambo hili lilipata kuwa la maelfu ya watu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari walipigana katika mahandaki, na kichwa ndicho kilichojitokeza juu. Vyuma vya mizinga viling'oa mataya, vikapasua mashavu na pua. Harold Gillies, aliyezaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka wa 1882, alianza kazi yake Aldershot. Na baada ya vita vya mto Somme vilivyoanza tarehe 1 Julai 1916, aliletewa majeruhi kiasi cha 2,000. Mwaka wa 1917 hospitali maalumu ilifunguliwa Sidcup, kusini-mashariki ya London. Katika miaka iliyofuata walitibiwa humo watu zaidi ya 5,000, na waliopasuliwa walipasuliwa tena na tena, kwani hesabu ya kazi hizo ilipita 11,000.

Katika mwezi wa Oktoba 1917 Gillies alipata wazo ambalo jina lake limefungamana nalo. Alikuwa akiinua ngozi ya kifua ili aipeleke usoni, akaona kingo zake zinajikunja zenyewe. Akazishona pamoja, ngozi ikawa kama mrija. Mrija huo ulihifadhi damu ndani, na uchafu haukupata mahali pa kuingilia. Hilo lilikuwa jambo kubwa katika siku ambazo penisilini haijavumbuliwa. Mrija uliweza pia kutembezwa: ncha moja hukatwa kifuani na kushonwa kwenye kifundo cha mkono, ikingojewa majuma mpaka ishike, kisha ncha ya pili hukatwa, na mkono huipeleka ngozi usoni. Kila hatua ilikuwa na kungoja kwake. Wagonjwa walitembea katika bustani za Sidcup na mirija hiyo ikining'inia nyusoni mwao, na mtu aliweza kukaa hali hiyo miezi, kisha akarudi kwao kupumzika, kisha akaitwa tena.

Mtu mmoja hakungojewa. Henry Ralph Lumley alikuwa rubani kijana. Ndege yake ilianguka mwaka wa 1916 siku ile ile aliyohitimu mafunzo yake, naye akaungua uso wote. Alipofika Sidcup alikuwa amedhoofika kwa maumivu na kwa dawa za kutuliza maumivu, wala hakuwa na tumaini. Gillies aliazimia kumpa uso mpya kwa mara moja, kwa ngozi kubwa ya kifua, mapema mwaka wa 1918. Mwili ule haukuwa na nguvu ya kulisha ngozi kiasi hicho. Ngozi ikaoza, na kifua kilikotoka ngozi kikawa jeraha jipya lisilopona. Lumley alifariki mwezi wa Machi 1918. Gillies hakuificha habari hiyo. Aliiandika na kuifundisha, akasema baadaye kwamba ingalimpasa amwache mgonjwa apate afya kwanza, kisha aende hatua kwa hatua. Na tangu hapo aliwaagiza wanafunzi wake wasifanye leo kazi ambayo, pasipo kumdhulumu mgonjwa, yaweza kungojea kesho. Ni agizo geni kwa watu waliolelewa katika sifa za wepesi wa mkono.

Lakini katika Sidcup kulikuwa na namna nyingine ya kungoja ambayo haikuwa na dawa. Vioo vilikatazwa wodini. Kulikuwa na karakana ambamo majeruhi walifundishwa kazi za mikono, kutengeneza vitu vya kuchezea watoto na mengineyo, kwa kuwa mikono isiyo na kazi huacha moyo utange. Na katika njia ya kutoka hospitali kwenda mjini viliwekwa viti virefu vilivyopakwa rangi ya buluu. Wenyeji walijua maana yake: anayeketi hapo huenda akawa na uso wa kutisha, basi mpita njia ajiandae au ageuze macho. Yaelekea waliovipaka rangi walikusudia huruma. Hata hivyo mtu aliyeketi juu ya kiti kile alikuwa ametiwa alama.

Wakati huo huo palikuwa na upasuaji wa namna nyingine uliokuwa ukikua, wa watu ambao hawakujeruhiwa. Jacques Joseph alikuwa akipunguza pua huko Berlin tangu mwaka wa 1898. Katika Paris, Suzanne Noël, mwanamke daktari na mpigania haki za wanawake, alichapisha mwaka wa 1926 kitabu kuhusu upasuaji wa urembo na faida yake kwa jamii. Alishikilia kwamba mikunjo ya uso yaweza kumnyima mwanamke riziki, kwa kuwa waajiri huchagua vijana. Na kwa sababu wanawake hao hawakuweza kukosekana kazini, alikata ngozi kidogo kidogo, akazificha nyuzi katika nywele, na mgonjwa akatoka kwa miguu yake. Noël hapaswi kulaumiwa, kwani aliyapima mahitaji ya watu wake, na alichukua kidogo ili kupona nako kuwe kudogo. Wengi waliokuja baada yake walichukua kingi, wakaendelea kuahidi kwamba kupona ni kudogo.

Mwili haukusikia ahadi hiyo. Leo, mtu akitengenezwa pua kwa ajili ya urembo, hufungwa gango kiasi cha juma moja; macho huvimba na damu iliyovilia huyazunguka kwa rangi nyeusi, kisha ya kijani, kisha ya manjano, kwa muda wa majuma mawili hivi. Akitazama kioo siku ya tatu haoni uso alioutaka wala ule aliokuwa nao. Wengi hulia katika siku hizo, na madaktari wazoefu huwaambia kabla kwamba watalia. Uvimbe mwingi huondoka katika majuma ya kwanza, lakini ncha ya pua huchukua hata mwaka kutulia. Ngozi iliyovutwa usoni huwa na ganzi majuma au miezi, maana mishipa ya fahamu hukua polepole kuliko ya damu. Kovu huwa jekundu na gumu kabla ya kufifia, na kupevuka kwake huchukua mwaka na zaidi. Na watu wenye ngozi nyeusi huelekea zaidi kupata kovu linalovimba na kupita mipaka ya jeraha lenyewe. Moshi wa tumbaku huifinya mishipa midogo, ngozi ikakosa damu ikafa kingoni: ni ile ile habari ya kikonyo. Na aliyekatwa tumbo au kunyonywa mafuta hana budi kuinuka na kutembea mapema, asije akagandamana damu miguuni. Kwa sababu hiyo hiyo safari ndefu ya ndege mara baada ya kupasuliwa ni hatari. Homa, uvimbe wa upande mmoja, maumivu ya shavu la mguu au pumzi kukatika si mambo ya kuvumilia nyumbani. Aliyepasuliwa mbali na kwao, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu, aghalabu huyaona akiwa amekwisha kuachana na mpasuaji wake.

Hayo ya mwili. Yale ya viti vya buluu yalipata jibu lake katika vita vya pili, kwa mkono wa ndugu wa Gillies, binamu yake Archibald McIndoe, mzaliwa wa Dunedin vile vile, mwaka wa 1900. Tangu mwaka wa 1939 alifanya kazi katika hospitali ya mji mdogo wa East Grinstead, akawatibu wanahewa waliounguzwa na petroli nyuso na mikono. Desturi ya wakati ule ilikuwa kupaka kilichoungua asidi ya taniki, ambayo ilifanya gamba gumu. Na chini ya gamba hilo vidole vilijikunja na kope zikavutika mpaka macho yasifunge. McIndoe aliona kwamba marubani walioanguka baharini walipona vizuri zaidi kuliko walioanguka nchi kavu. Akaiacha taniki, akawaweka wagonjwa wake katika maji ya chumvi yenye uvuguvugu.

Kisha akaishambulia wodi yenyewe. Nguo za buluu za wagonjwa aliziondoa, wakavaa mavazi yao ya kijeshi. Maofisa na askari wa chini walilala pamoja. Pipa la bia liliwekwa ndani. Aliyetaka kutazama mwenzake akipasuliwa aliruhusiwa, apate kujua linalomngojea. Jeshi lilikuwa na kanuni ya kumwondoa kazini mtu ambaye siku 90 zimepita naye hajaweza kurejea; McIndoe alibishana nayo mpaka ikalegezwa kwa watu wake, kwa kuwa uso hautengenezwi kwa siku 90. Na kwa wenyeji wa East Grinstead hakuomba wageuze macho. Aliwaomba wawaalike. Wagonjwa wakaenda sinema na mabaa na majumba ya watu, wenye mirija ya ngozi usoni, na watu wa mji wakazoea kuwatazama machoni na kuzungumza nao. Mji ukajulikana kwa sifa hiyo.

Mwaka wa 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao, wakakiita kwa jina la simbilisi, yule mnyama mdogo ambaye wataalamu humjaribia dawa, kwa maana ya kwamba wao ndio waliojaribiwa. Mweka hazina wa kwanza walimchagua kwa kuwa miguu yake iliungua, asiweze kutoroka na fedha. Na mwandishi kwa kuwa vidole vyake viliungua, asiweze kuandika mengi. Vita vilipokwisha wanachama walikuwa 649. Waliendelea kukutana kila mwaka hata 2007.

Mmoja wa waliofundishwa na McIndoe alikuwa Michael Wood, mpasuaji aliyefanya kazi Nairobi. McIndoe mwenyewe alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na huko yeye na Wood, pamoja na Tom Rees wa Marekani, walipanga jinsi mpasuaji atakavyoweza kumfikia kwa ndege mgonjwa aliye mbali na mji. Katika mwaka wa 1957 likaanzishwa shirika la madaktari warukao, ambalo leo lajulikana kwa jina la Amref Health Africa. Mtoto aliyeangukia moto wa mafiga, kidevu kikashikana na kifua, aweza kuachanishwa kwa saa chache. Lakini ngozi iliyopandikizwa hupenda kusinyaa tena, na shingo isipofungwa gango na kunyoshwa kila siku kwa miezi mingi, kidevu hurudi kilikotoka. Ndege humleta mpasuaji. Kunyosha shingo kila siku hubaki kwa mama wa mtoto, au bibi yake, au yeyote aliye na subira katika nyumba ile.

McIndoe alifariki mwaka wa 1960. Mwezi wa Juni 2014 sanamu yake ilizinduliwa East Grinstead, kazi ya Martin Jennings, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliotibiwa na McIndoe baada ya kuungua vitani. Rubani ameketi, mikono yake imekunjamana kwa moto, na uso umeelekea juu. Nyuma yake amesimama daktari, amemwekea mikono mabegani. Na kuizunguka sanamu pamejengwa kiti kirefu cha mawe, kisichopakwa rangi yoyote, ambacho mchongaji alikikusudia kuwa sehemu ya sanamu yenyewe: haikamiliki mpaka watu wa mji waje waketi hapo, karibu na uso ule.